Kikopo Kilichopanda Ngazi

Kila mwaka, wiki ile majani ya mwisho yanapodondoka, Irja Vuorela alikuwa anaziba nyumba. Aliweka pamba katikati ya vioo viwili vya kila dirisha, akakata karatasi vipande virefu, akavipaka gundi ya unga wa ngano aliyoikoroga mwenyewe, akabandika kuzunguka fremu nzima. Akimaliza alilowesha kidole kwa mate na kukipitisha ukingoni polepole, akisikiliza ubaridi. Akiupata, alibandua vyote akaanza upya. Mume wake, Ossi, alikuwa anapita na kikombe chake cha kahawa akimtania.

"Siku ya kiama wewe utachelewa. Watakukuta unabandika dirisha."

Irja alicheka lakini hakuacha kubandika. Alizaliwa kaskazini, kwenye nyumba ya magogo iliyopitisha upepo kila pembe, na mdogo wake wa kiume alichukuliwa na kifua akiwa na miaka miwili, mwezi wa kwanza, kitanda chake kikiwa chini ya dirisha. Irja alikuwa na miaka tisa. Alimaliza shule ya msingi, akashuka mjini kutafuta kazi, na sasa akiwa na miaka thelathini na moja alikuwa muosha vyombo katika jiko la shule. Hakuwa na mengi ya kujisifia. Ila alijua kwamba katika nyumba yake hakuna upepo utakaomgusa mtoto.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu kabisa ya Harju, ule mgongo mrefu wa changarawe ulioinuka kati ya maziwa mawili. Ilikuwa na jiko na chumba kimoja, basi. Binti yao Heljä alipofikisha miaka mitatu, Ossi alisema mtoto hawezi kukua nyuma ya pazia, akashika beleshi akaanza kuchimba chini ya nyumba. Alichimba viangazi vitatu, kila jioni akitoka kiwandani, na kila Jumamosi na Jumapili. Changarawe ilitoka safi, ya mviringo kama maharage, ndoo baada ya ndoo, na Irja ndiye aliyekuwa akizipokea ndoo juu. Mgongo wa Ossi ulianza kuuma kiangazi cha pili na haukuacha tena. Lakini mwisho wake kulikuwa na sauna, chumba kidogo cha mbao nyeupe cha kuogea mvuke, na pembeni yake chumba cha Heljä, chenye dirisha lililo sawa na majani ya nje, na rafu, na kitanda kilichopakwa rangi ya bluu.

Kwenye kona ya sakafu Ossi aliacha tundu la ukubwa wa sahani, akalifunika kwa wavu wa chuma. Hakusahau kuliziba. Aliliacha makusudi, kama wazee wote wa juu ya Harju walivyofanya kwenye stoo zao za viazi. Wakati wa baridi kali, theluji ikiwa imefika kiunoni na pua zikiganda nje, tundu lile lilitoa hewa isiyo na makali, mfululizo, kama mnyama mkubwa amelala chini. Waliiita pumzi ya Harju. Viazi havikuganda. Palipokuwa na tundu nje, theluji haikukaa, na paka walikwenda kulala hapo. Ossi aliweka kitanda cha bluu karibu na tundu, Irja akatundika glavu za mtoto juu yake zikauke, na Heljä kabla ya kulala aliinama akasema, "Lala salama, Harju," kisha akatega sikio kama ataitikiwa.

Mwaka ambao Heljä alifikisha miaka sita, mwezi wa nne, kinu cha nyuklia kililipuka kule kwa Warusi na wingu lake likapita juu yao. Vuli ile Irja alimwaga ndoo tatu za uyoga aliouchuma kwa mikono yake. Aliosha kila jani la saladi. Alimkataza Heljä kula theluji. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja, bwana afya wa mji alipokuja pale shuleni na maboksi yake, Irja alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Bwana afya alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua yasiyoisha. Alieleza kwamba ndani ya mawe ya ardhini kuna gesi inaitwa radoni. Haina harufu, haina rangi, na inapanda taratibu mpaka ndani ya nyumba, hasa vyumba vya chini. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Akagawa vikopo vyeusi vya plastiki, vidogo kama vile vya filamu ya kamera. Kikopo kiwekwe kwenye rafu ya chumba cha chini ambacho watu wanakitumia, kikae miezi miwili, kisiguswe. Kisha mwenye nyumba aandike kwenye fomu ni chumba gani, tarehe gani, atie sahihi na kukituma kwa posta.

Irja alikiweka kwenye rafu ya Heljä, kati ya mdoli na kopo la penseli. Kikakaa hapo siku kumi na moja bila kuguswa.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, na wenzake Ossi wa kiwandani walikuja sauna. Kama kawaida yake, kabla hawajavua viatu, Ossi aliwashusha chini kuwaonyesha. Aliwaonyesha jinsi ukuta ulivyonyooka, jinsi alivyoikata ngazi ili ipinde bila kula chumba. Mmoja wao, Pentti, mtu wa mdomo, alikiona kile kikopo rafuni akakichukua, akakigeuzageuza.

"Aisee Ossi, umejichimbia kaburi zuri. Lina hata sauna."

Walicheka wote, na Ossi akacheka. Lakini wakati wa kula hakugusa soseji yake, na wageni walipoondoka Irja alimkuta amekaa kwenye ngazi, mkono kiunoni, akitazama mlango wa chumba cha Heljä.

"Maishani mwangu sijatengeneza kitu kingine," alisema. "Hiki tu."

Irja alirudi jikoni kuosha vyombo. Lakini maneno yale yalimwingia. Jumatatu, Ossi akiwa kazini na Heljä akiwa nje na kigari chake cha theluji, alishuka akakichukua kikopo, akapanda nacho ngazi, akakiweka jikoni nyuma ya bati la unga, jirani na kile kidirisha cha hewa alichokuwa akikifungua wakati wa kupika. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu, mpaka moyo wa Ossi utulie. Jioni Ossi aliuliza kikopo kiko wapi. Irja alisema amekificha nyuma ya vitabu vya mtoto asije akakichezea. Uongo huo ulitoka laini kabisa, bila kukwama, na ni yeye mwenyewe aliyeshangaa.

Siku mbili tatu zikawa wiki. Krismasi ikapita. Kila alipochota unga alikiona. Mwezi wa kwanza ulipokwisha alikaa mezani na fomu, na palipoandikwa "chumba" akaandika: chumba cha mtoto, chini. Akatia sahihi yake nzuri ya shule, ile yenye mkia.

Jibu lilikuja mwishoni mwa mwezi wa pili. Namba yao ilikuwa tisini. Barua ilisema ni ndogo na hakuna la kufanya. Ossi aliisoma mara mbili akiwa amesimama na koti, kisha akaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni kwa pini nne, moja kila pembe, kama watu wanavyotundika picha ya harusi. Jioni ile alipiga mluzi wakati akikata kuni.

Kwa wengine mambo hayakuwa hivyo. Nyumba ya ng'ambo ya njia ilipata elfu tatu na mia mbili. Bwana afya aliwaendea mwenyewe, na keshoye walionekana wakipandisha magodoro. Dukani watu waliwazungumzia kwa sauti ya chini, kama nyumba iliyoingiwa na chawa. Mama wa nyumba hiyo alinunua mkate akaondoka bila kumtazama mtu. Muuzaji akamgeukia Irja, akamwambia nyinyi mmebahatika, Ossi anajua kuchimba. Irja alisema ndiyo. Akalipa, akatoka, na nje akasimama kidogo kwa sababu uso ulikuwa unamwaka kwenye baridi ile.

Jirani yao wa upande wa jua alikuwa Lempi, mjane wa miaka sitini na tatu aliyestaafu kwenye kiwanda cha kitani. Masikio yake yalikuwa yamechoshwa na mashine, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kuita ng'ombe. Hakuwa na sauna. Kila Jumamosi saa kumi alikuja kwa akina Irja na taulo lake na mkate mtamu wa iliki uliosukwa, bado wa moto. Wanawake waliingia kwanza, halafu Ossi. Lempi naye alipewa kikopo na bwana afya, ila alikuwa anakitumia kutunzia pini.

Lempi aliisoma ile barua ya kabatini akiwa amevaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Tisini," alisema. "Basi na mimi ni tisini. Nyumba yako na yangu zinapumua kwa pua moja."

Irja alisema huenda si lazima ziwe sawa. Lempi alimwambia asimfundishe Harju, yeye alizaliwa juu yake. Kisha akatoa habari aliyokuwa ameibana tangu mlangoni. Binti yake Marjukka, aliyeolewa Sweden, amejifungua mtoto wa kike, na yule bwana hayupo tena kwenye hesabu. Marjukka anarudi nyumbani mwezi wa tatu na kichanga. Lempi amekwisha amua. Atawapa stoo yake ya chini, aisafishe, aipake chokaa, aweke jiko dogo la kuni. Na amwombe Ossi amtobolee tundu kwenye sakafu karibu na kitanda cha mtoto, kama la Heljä, ili kitoto kipate pumzi ya Harju.

Ossi alisema atafanya kwa furaha. Aliona fahari, Irja aliiona shingoni kwake.

Kazi ile ilichukua jioni tano. Nyumba zilikuwa karibu, na Irja akiwa jikoni alisikia tindo ya Ossi kwenye sakafu ya Lempi, ngo, ngo, ngo, kisha kimya cha kupumzisha mgongo, kisha ngo tena. Alimenya viazi huku akihesabu mapigo bila kutaka. Siku ya pili alikwenda kwa Lempi na supu, akasema kwa upole kwamba kichanga pengine kitasikia baridi kule chini, si afadhali walale juu na bibi yao.

"Wewe wako analala chini kama malkia," Lempi alimwambia, "halafu wangu alale jikoni na vitunguu? Nenda zako, Irja. Na supu yako haina chumvi."

Irja akaenda zake. Siku ya tatu alishuka na kisu, akakata karatasi zote za dirisha la chumba cha Heljä alizozibandika vuli, akalifungua. Baridi ikaingia kama maji. Alisimama katikati ya chumba na kisu mkononi, hajui anafanya nini, kisha akalifunga tena. Jioni hiyo alimwambia Ossi kwamba Heljä anakohoa na kuanzia sasa atalala nao juu mpaka apone.

Heljä hakuwa anakohoa. Alimtazama mama yake kwa mshangao, mara akakohoa kidogo kwa adabu, kusaidia.

Hapo ndipo aibu ilipomshika Irja kwelikweli. Mpaka siku ile aliweza kujiambia kwamba alifanya kwa ajili ya Ossi. Sasa mtoto wake alikuwa juu, mikono yake midogo yenye joto shingoni kwake, na upande wa pili wa ua mume wake alikuwa anatoboa sakafu kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, naye amenyamaza. Kazini aliosha sahani zilizokwisha oshwa. Wenzake walimuuliza kama ni mjamzito. Alitamani iwe hivyo, angalau kungekuwa na kitu cha kusema.

Marjukka alifika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu kwa basi la mchana. Lempi aliwaleta moja kwa moja kwa akina Irja, kwa kuwa ilikuwa siku ya sauna na hakutaka kuukosa mvuke hata kwa ajili ya mjukuu. Marjukka alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Alikaa mezani akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili bila kunywa, na Irja akampokea mtoto. Alikuwa na wiki tano. Alinuka maziwa. Alipumua haraka haraka kama watoto wa umri huo wanavyopumua, na kila baada ya pumzi chache alivuta moja ndefu, akatulia, kisha akaanza tena. Irja alijikuta anazihesabu na hizo.

"Leo analala chini," Lempi alimtangazia binti yake. "Kuna jiko, kuna tundu, kila kitu. Nisingethubutu, ila karatasi hiyo ya Irja ndiyo iliyonipa moyo." Akaonyesha kabati kwa kidole.

Irja alimrudisha mtoto kwa mama yake, akachukua mataulo, akashuka kuchochea jiko la sauna.

Walikaa kwenye benchi la juu, Lempi na yeye, kama kila Jumamosi. Kule watu hawatazamani. Kila mmoja anatazama mbele, kwenye mawe ya jiko, na mambo magumu ya Harju yalikuwa yanasemwa humo kwa sababu hiyo. Lempi alimwagia mawe maji mara mbili. Mvuke ukapanda, ukawainamisha vichwa, ukapungua. Juu walisikia nyayo za Ossi, amekwisha anza kukaanga soseji.

"Lempi," Irja alisema. "Ile namba si ya chini."

"Ya wapi basi?"

"Ya jikoni. Kikopo nilikipandisha."

Lempi alikuwa ameshika kata tayari kumwaga. Hakumwaga. "Siku ngapi?"

"Zote. Isipokuwa kumi na tatu za mwanzo."

"Ossi anajua?"

"Hajui."

Maji yalidondoka kwenye ukingo wa kata, tone moja moja, juu ya mbao. Lempi aliirudisha kwenye ndoo taratibu. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa ndogo, ambayo Irja hakuwahi kuisikia kwake.

"Na Heljä? Amepona kikohozi?"

"Hajakohoa hata siku moja."

Ndipo Lempi alipogeuka akamtazama. Alimtazama uchi wake wote, mpaka miguuni, akarudi usoni.

"Kwa hiyo wako umekwisha mpandisha."

"Ndiyo."

"Na tindo ulikuwa unaisikia."

"Nilikuwa naisikia."

Lempi alishuka kwenye benchi. Alijimwagia maji ya baridi, akajifuta haraka, akavaa nguo juu ya mwili uliolowa. Mlangoni alisimama akiwa amempa mgongo.

"Mumeo utamwambia mwenyewe. Kazi hiyo mimi usinipe." Na Irja akamsikia juu akimwambia Marjukka akusanye vitu vya mtoto, wanakwenda, na watalala wote jikoni.

Irja alikaa peke yake mpaka jiko likaanza kupoa. Kisha akavaa, akapanda. Ossi alikuwa amesimama na kikaango, anauliza Lempi amepatwa na nini, hakuchukua hata soseji yake. Heljä alikuwa mezani akichora. Irja alimtuma akalete kuni barazani, kisha akasema yote, tangu bati la unga mpaka fomu, bila kuketi. Alisema pia kwa nini. Alisema juu ya Pentti na kaburi, na yeye Ossi kwenye ngazi na mkono kiunoni.

Ossi aliweka kikaango chini. Alikwenda kwenye kabati, akang'oa pini, moja, mbili, tatu, nne, akazishika kiganjani. Barua akaikunja mara nne.

"Ulidhani nitalipenda shimo langu kuliko mtoto wangu," alisema.

Hakuuliza. Na ndivyo Irja alivyokuwa amedhani. Hakuwahi kujiambia hivyo, lakini ndivyo. Miaka minane amekula na mtu huyu, amempokelea ndoo zake zote, na hakumjua hata kiasi cha kumwachia aamue.

Ossi alivaa koti akaenda kwa Lempi na ubao na ndoo ya udongo, akaliziba tundu alilolitoboa kwa jioni tano. Aliporudi aliziba lao. Kisha akashuka kuchukua kitanda cha bluu. Kilikwama pale ngazi ilipopinda, ile kona aliyokuwa anawaonyesha watu, na Irja akashika upande wa pili. Walisukuma, wakageuza, wakasukuma tena. Hawakusemezana, ila "kwako" na "inua." Heljä alisimama juu na kuni zake mikononi.

"Sasa Harju atalala na nani?" aliuliza.

Kitanda kikapita kona, wakakibeba mpaka chumbani juu.

Jumatatu Irja aliomba ruhusa kazini akaenda kwa bwana afya. Alieleza yote akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Yule kijana alipenga kamasi, akamwambia kwa upole kwamba yeye si wa kwanza, kuna mzee aliyekiweka cha kwake kwenye friji. Alitaka kumchekesha. Kisha akachora mchoro nyuma ya bahasha. Wakati wa baridi mgongo wa Harju unavuta hewa kule chini ziwani na kuitoa juu, ndiyo ile pumzi yao, na humo ndimo radoni inamopanda. Jiko la sauna nalo linapowaka linaivuta zaidi. Na nyumba ikizibwa sana madirisha, alisema, haina pengine pa kuvutia hewa isipokuwa ardhini. Je, wao wanaziba?

"Kidogo," Irja alisema. Halafu akajisikia, akasema, "Hapana. Sana. Naziba mimi."

Yule kijana alimpa vikopo viwili vipya, kimoja cha Lempi. Irja alikiacha cha Lempi barazani kwake, juu ya ngazi, akagonga akaondoka.

Majibu yalikuja mwezi wa sita. Chumba cha Heljä kilikuwa na elfu nne na mia moja. Cha Lempi elfu tatu na mia saba, na matundu yote mawili yalikuwa yamekwisha zibwa. Ossi aliibandika barua mpya kwenye kabati, palepale, kwenye matundu yaleyale manne ya pini. Irja aliomba aitoe. Alisema haitoi. Wenzake wa kiwandani walipokuja waliisoma, na Pentti alifungua mdomo, akamwona Ossi, akaufunga.

Kiangazi kile Ossi alichimba tena. Alivunja sakafu yake mwenyewe katikati ya chumba, akachimba shimo, akaweka bomba lililopanda ukutani mpaka juu ya paa, na feni ya kuvuta hewa ya ardhini kuitupa nje. Irja alipokea ndoo. Mgongo wa Ossi ukiuma, alikaa kwenye ngazi, na Irja alikaa ngazi moja chini yake. Walianza kuongea tena kidogo kidogo, kwanza juu ya bomba, halafu juu ya mengine.

Lempi hakuwa amekuja sauna tangu mwezi wa tatu. Uani waliongea juu ya hali ya hewa tu. Marjukka alipata kazi na nyumba ya juu ghorofani mjini, akahama na mtoto wake mnene. Jumamosi moja mwezi wa nane, saa kumi, Lempi alitokea mlangoni na taulo na mkate wa iliki. Hakueleza. Alishuka, akakaa benchi la chini, akampa Irja mgongo, akamnyooshea sifongo juu ya bega.

"Sugua," alisema. "Na usinibembeleze, sugua."

Irja alisugua. Mgongo ulikuwa mwembamba, wenye mabaka, na aliusugua mpaka ukawa mwekundu, na Lempi hakusema kwamba yamekwisha wala kwamba hayajaisha.

Vuli ilipokuja Irja alitoa pamba na karatasi zake. Alikoroga gundi, akabandika madirisha ya jikoni, ila juu ya kila moja aliacha upenyo wa kidole. Heljä alimshikia mkasi. Alikuwa ameanza shule na sasa alisoma kila kilichoandikwa, makopo, magazeti, mpaka mabango ya posta. Bwana afya alikuwa ametuma kikopo kingine kupima kama bomba linafanya kazi, pamoja na fomu mpya, na Heljä aliisoma kwa sauti, akiweka kidole chini ya kila neno. Jina. Nyumba. Chumba. Tarehe. Halafu palikuwa na mstari ambao mwaka uliopita haukuwapo.

"Je, kikopo kilihamishwa wakati wowote?" alisoma. Akainua uso. "Mama, nani anahamisha kikopo?"

Irja aliifuta mikono yake gundi. Alifikiria kila nyumba ya Harju iliyopokea fomu ile, kila mtu atakayefika kwenye mstari ule na kalamu mkononi.

"Mimi," alisema. "Mwaka jana."

Heljä alisubiri aendelee. Irja alivuta kiti, akamkalisha pembeni yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.

Kikopo kilikaa kwenye rafu ya chumba cha chini miezi miwili mizima. Namba ilirudi mia moja na thelathini, bomba lilikuwa linafanya kazi. Lakini siku ya kuijaza ile fomu, Irja alipofika kwenye mstari ule na kuandika "hapana," ambayo ilikuwa kweli tupu, herufi zilitoka mbaya kama za mtu anayedanganya.